Walihama, Walihamishwa au Walirudishwa Kwao?

Makala hii inanuia kuonyesha kwamba mnyambuliko wa vitenzi si suala la mitihani pekee. Mfano wetu ni watu wa Embu na Meru waliokuwa wakiishi Nairobi wakati wa Hali ya Hatari (1952–1960).

Tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilianzisha Operesheni Anvil. Majeshi yaliuzingira mji, yakaingia mitaa ya Waafrika na kuwachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa katika kambi, zikiwemo Manyani na Mackinnon Road, na familia nyingi zikaondolewa mjini. Tukiandika kwamba watu hawa "walihama", kauli ya kutenda inawapa hiari wasiyokuwa nayo. Katika "walihamishwa", kiambishi -ish- kinaleta msababishaji, nacho -w- kinakiri kwamba waliohama walitendewa.

Kuna sentensi nyingine ngumu zaidi: "Walirudishwa kwao." Kisarufi haina kasoro. Lakini "kwao" ni wapi kwa mtoto aliyezaliwa Pumwani, ambaye Embu aliijua kwa masimulizi tu? Kimilikishi hicho kilichaguliwa na mwenye bunduki. (Isitoshe, -rudi ina maana ya kuadhibu pia, kama katika kumrudi mtoto, mwaka huo maana zote mbili zilikutana.) Tena, katika maeneo hayo ya "kwao", wenyeji nao walikuwa wakikusanywa kwa amri katika vijiji vya lazima.

Mkoloni aliondoka, lakini suala la nani anahamishwa mjini na nani anarejea halikuondoka naye. Septemba 2009, wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa Lang'ata ili nyumba mpya zijengwe. Kauli ya kutendea inataja mahali pa kwenda; kurejea haikutaji. Nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Zilikabidhiwa nani? Tukijibu "wakazi", bado hatujasema kama ni wale wa kabla ya 2009 au wenye uwezo zaidi waliokuja baadaye.

Kwa mwanafunzi anayechanganua matini, sentensi hii ya kubuni inatosha kuanzia: "Mtaa umeboreshwa na wakazi wamehama." Kishazi cha kwanza kina kauli ya kutendwa, cha pili kauli ya kutenda. Aliyeuboresha mtaa huenda ndiye aliyepandisha kodi hadi wakazi wakaondoka, ila hatajwi katika kishazi chochote.