Madabodi Mpya: Achana na Taa, Tazama Umeme

Haya wadogo zangu, leo zamu ya kijana wa Mwanza. Kompyuta yake yenye Ryzen 5 3600 imegoma kuwaka, na fundi kamwambia madabodi imekwisha. Anataka nyingine isiyomzimikia katikati ya kuhariri video, na ikiwezekana aikaze prosesa ikimbie zaidi ya ilivyopangwa kiwandani, yaani aiovakloki. Mfuko wake, anasema, si mnene.

Kwanza nikuulize, mdogo wangu: una hakika ni madabodi? Kompyuta isiyowaka ina washukiwa wengi, na pawasaplai iko mbele kabisa, hasa mitaa ambayo umeme hupanda na kushuka. Mwambie fundi ajaribu pawasaplai nyingine nzima, awashe na RAM moja tu, kisha abadilishe ile betri ya CR2032 ya bei ya chai. Pawasaplai mbovu inaweza kuiunguza hata hiyo madabodi mpya, kwa hiyo usione anapoteza muda.

Ikithibitika ni madabodi yenyewe, huna uchaguzi kwenye soketi: prosesa yako inataka AM4. Uchaguzi uko kwenye chipseti, na hapo ndipo watu hupigwa. A320 na A520 haziruhusu kuovakloki prosesa, hata muuzaji aape. B450, B550, X470 na X570 zinaruhusu. Nyie wa Intel, kwa kawaida mnahitaji prosesa yenye herufi K pamoja na chipseti ya Z, kimoja hakitoshi. Tena mjihadhari na LGA1151: Core i7-8700K inakaa vizuri tu kwenye soketi ya Z270, lakini haitawaka, maana inataka chipseti za familia ya 300 kama Z370 au Z390.

Mimi ningekupa B550. Ilitoka 2020, inaipokea 3600 bila maneno, na siku ukijaaliwa kununua Ryzen 7 5700X utasasisha BIOS tu, madabodi ibaki ileile. X570 ni nzuri, ila nyingi zina feni ndogo juu ya chipseti, na kwa vumbi letu feni hiyo ni ya kwanza kuanza kupiga kelele. Mwenye Ryzen 3 3200G au Ryzen 5 3400G asinifuate hapa, kwa sababu B550 haizipokei rasmi ingawa majina yao yanaanza na 3. Kila mtengenezaji ana orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye tovuti yake. Isome kabla hujatoa pesa.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho tangazo halikuonyeshi. Pawasaplai huleta volti 12, lakini prosesa hutumia volti moja na kitu. Kazi ya kuushusha umeme huo inafanywa na saketi inayoitwa VRM, iliyopangwa kushoto na juu ya soketi. Ukiovakloki, ndiyo inayobeba mzigo. Ikizidiwa na joto, prosesa inapunguzwa kasi au kompyuta inazima ghafla, nawe unailaumu Windows. Kwa hiyo ishike madabodi mkononi uichunguze. VRM ifunikwe na mabonge mazito ya aluminiamu yenye mapezi, yaliyokazwa kwa skrubu, si kibati chembamba kilichogandishwa kwa gundi. Tundu la umeme wa prosesa liwe na pini 8. Idadi ya fezi za VRM iliyoandikwa kwenye boksi isikubabaishe, wengine huihesabu kwa namna inayowapendeza wao. Na kumbuka wapimaji wengi wa Ulaya hufanya kazi kwenye chumba cha nyuzi 20 na kidogo. Chumba cha Dar mwezi Februari kinapita 30, na joto hilo lote linaongezeka kwenye VRM yako.

Kuhusu kuovakloki kwenyewe, dada yako atakukatisha tamaa kidogo. 3600 inajipandisha yenyewe hadi GHz 4.2, na ukiikaza kwa mkono unapata kiduchu juu ya hapo, pamoja na joto jingi. Faida iko kwenye RAM. Weka mbili zinazofanana, nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, uwashe XMP, yaani mpangilio wa kasi ya RAM, ndani ya BIOS. Usipoiwasha, RAM yenye kasi ya 3600 inaweza kubaki 2133 miaka yote. Kisha acha programu ya kupima RAM, MemTest86, izunguke usiku kucha. Kosa hata moja maana yake bado haijatulia, punguza kasi.

Siku ya kubadilisha, toa kwanza nakala ya ufunguo wa BitLocker kama umeiwasha, na unganisha leseni ya Windows na akaunti yako ya Microsoft, kwa sababu Windows itaiona madabodi mpya kama kompyuta nyingine. Kipoza prosesa usiking'oe kwa nguvu. Kizungushe taratibu kulia na kushoto mpaka kiachie, la sivyo prosesa ya AM4 itang'oka nacho na kupinda pini.

Na kama mfuko utakupeleka kwenye ya mkono wa pili, usitoe hela mpaka uione ikiwaka hapohapo dukani, RAM ikijaribiwa kwenye kila nafasi. Muuzaji akisema hana muda, nenda duka la pili.