Dondoo Muhimu: Pancha kwenye Gari la Michezo Lisilo na Tairi la Akiba

Kwa kuwa magari mengi ya michezo, yaani yale ya kimo kifupi na injini yenye nguvu, hayabebi tairi la akiba ili kupunguza uzito, dereva anayetoka Bukoba kupitia Muleba kuelekea Kimwani anapaswa kukagua vifaa vyake kabla ya safari, kwani mafundi wa pancha hupatikana zaidi kwenye senta.

Pancha ikitokea, gari lisogezwe taratibu hadi mahali tambarare nje ya njia na pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe. Msumari ulionasa usichomolewe, kwa sababu hupunguza upepo unaotoka. Dawa ya kuziba, ambayo ni majimaji yanayoganda kwenye tundu, iingizwe kupitia valvu, kisha tairi lijazwe kwa pampu inayotumia umeme wa gari. Ubavu wa tairi ukichanika, dawa hiyo haifai kabisa, na ni heri gari libebwe juu ya lori kuliko kuburuzwa hadi rimu iharibike.

Matairi yenye kuta ngumu, yanayostahimili kukosa upepo, kwa kawaida huruhusu takriban kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa.

Fundi aambiwe kwamba dawa imetumika, ili alisafishe tairi kwa ndani kabla ya kuliziba.