Shamba Lenye Deni: Sheria za Serikali ya Unguja Zama za Kuanguka Bei ya Karafuu

Ama baada: soko la New York lilipoporomoka mwaka 1929, dhiki ilienea mabara yote, wala visiwa vyetu havikusalimika. Unguja na Pemba zilikuwa zikitoa sehemu kubwa ya karafuu zilizouzwa duniani, na ushuru wa karafuu ulikuwa nguzo ya hazina ya Serikali. Bei ilipoanguka walipungukiwa wote, mwenye shamba na mchumaji, na Serikali pia. Walakini lililowaelemea zaidi wenye mashamba ni deni lililokuwa juu yao kabla ya dhiki hiyo kuja.

Na asili ya deni ni hii. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mavuno yakiwa makubwa, mwenye shamba huhitaji fedha za kuwalipa wachumaji kwa pishi kabla hajauza hata frasila moja. Yakiwa haba, huhitaji chakula cha watu wake. Mara zote mbili wengi walikwenda kwa tajiri, naye aghlabu alikuwa Mhindi, wakaweka mashamba yao. Na kwa kuwa riba ni haramu, ilitumika bei khiyari: mwenye shamba humuuzia tajiri shamba lake kwa sharti kuwa akirudisha thamani kwa muda fulani atarudishiwa, kisha yeye mwenyewe hubaki humo humo akilipa ijara. Aliyesoma fiqhi huona mara moja kuwa jina ni bei na ijara, na maana yake ni mkopo wenye ziada. Katika madhhabu ya Imamu Shafi'i khiyari ya sharti haizidi siku 3, na sharti la kurudisha kilichouzwa likitiwa ndani ya akdi huibatilisha. (Hadhramaut iko bei mfano wa hii, huitwa uhda, na baadhi ya mutaakhirina wameijuzisha ikiwa ahadi haikutajwa ndani ya akdi. Hayo yana mlango wake.)

Mwaka 1934, katika enzi ya Seyyid Khalifa bin Harub, Balozi wa Kiingereza akiwa Sir Richard Rankine, zilitolewa sheria kadhaa kwa pamoja. Moja ilikataza ardhi ya Mwarabu au ya Mwafrika kuhamishwa kwa asiyekuwa katika hao illa kwa idhini ya Balozi; na madai juu ya mashamba yakasimamishwa kwa muda, kisha muda ukaongezwa. Nyingine ilikuwa ya wakopeshaji fedha. Nyingine ikakipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichojulikana kwa C.G.A., ambacho kilikuwako tangu 1927.

Hapa pana masala yanayotaka kutazamwa vyema. Je, mwenye kudai alidhulumiwa kwa kungojeshwa? Katika Surat al-Baqara imeamrishwa kumngojea mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wasaa. Lakini mwenye shamba si fakiri, ana mali. Na hukumu ya muflisi katika madhhabu ni kali kuliko watu wanavyodhani: kadhi huuza mali yake, hata nyumba anayokaa, akaachiwa nguo zinazomfaa mtu mfano wake. Kwa kutazama hayo tu, ungesema shamba na liuzwe. Ila wanavyuoni wameweka sharti, nalo ni kuuza kwa thamani ya mfano wake. Na asipopatikana mnunuzi kwa thamani hiyo, ni wajibu kusubiri. Na zama bei ya karafuu imeanguka, ni nani angelinunua shamba kwa thamani yake? Kwa wajihi huu, kungoja kulikuwa na asili katika sheria yetu.

Lisilo na asili ni kutazama nasaba ya mnunuzi. Sheria ya ardhi iliuliza mnunuzi ni kabila gani, wala haikuuliza akdi ilikuwaje. Mhindi mwenye haki safi alifungiwa mlango pamoja na mla riba, na miongoni mwa Wahindi hao walikuwamo Waislamu wengi. Na Mwarabu tajiri akaachiwa njia ya kununua shamba la jirani yake maskini kwa bei ya dhiki.

Kisha matajiri wakafumba mikono. Mwenye shamba aliyekuwa akikopa dukani akawa hana wa kumkopesha ila Chama. Mwaka 1937 sheria mpya ikakipa Chama peke yake haki ya kununua karafuu za kusafirishwa ng'ambo. Wahindi wa Unguja wakasusa, na Congress ya India ikawaunga mkono, karafuu za Unguja zikasusiwa India, na India ilikuwa soko kubwa. Mwaka 1938 yakapatikana mapatano, wafanyabiashara wakarudi katika usafirishaji kwa sharti la kununua sehemu ya karafuu zao kwa Chama.

Ama madeni, Serikali ilishika njia nyingine: yakapimwa mbele ya baraza, Serikali ikamlipa mwenye kudai kiasi kilichothibiti, na mdaiwa akailipa Serikali kwa mafungu. Kumlipia mtu deni lake ni jambo zuri, na mafungu yasipokuwa na ziada ni karadha njema. Walakini mdaiwa asidhani kuwa kila kilichopunguzwa na baraza kimeondoka katika dhima yake. Kilichokuwa ziada ya riba hakikuwa deni tangu mwanzo, hata kikiandikwa kwa jina la ijara. Ama rasilmali aliyoipokea mkononi, haimtoki ila kwa kulipwa au kwa kusamehewa na mwenyewe kwa ridhaa yake. Hukumu ya baraza haisimami mahali pa ridhaa hiyo. Na aliyekufa akiwa na baki ya rasilmali juu yake, warithi hawagawi mikarafuu mpaka itolewe kwanza.