Kinyama cha mlango wa kizazi chini ya hadubini

Swali: Kinyama kilichochukuliwa kwenye mlango wa kizazi huchunguzwaje maabara?

Jibu: Hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba vya takriban maikromita 4, kisha hutiwa rangi ya hematoksilini, inayofanya viini vya seli vionekane vya buluu iliyokoza, na eosini, inayozipa sehemu nyingine rangi ya waridi. Mtaalamu wa patholojia hupima jinsi seli zenye viini vikubwa na vyeusi zilivyopanda: zikiishia theluthi ya chini ya tabaka la juu, badiliko ni la daraja la 1, ambalo mara nyingi hutoweka lenyewe, zikipita theluthi mbili, ni la daraja la 3, linalohitaji tiba. Hata hilo bado si saratani, maadamu seli hazijapenya utando unaotenganisha tabaka hilo na tishu za chini yake.