Jaketi la Ngozi: Chagua Linalozeeka, Usichague Linalobambuka

Jaketi langu la kwanza "la ngozi" nililinunua dukani, jipya, kwa shilingi 85,000. Lilimetameta kama kioo. Kipupwe cha pili likaanza kubambuka kwenye kola. Jumapili moja nikatoka kanisani na shati jeupe lililojaa magamba meusi shingoni, na mpwa wangu, mtoto wa darasa la pili, akaniuliza mbele za watu, "Mjomba, umeungua?"

Ninaishi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai kuna asubuhi ambazo umande huganda shambani, kwa hiyo jaketi huku ni vazi la kazi. Baada ya aibu ile nilihamia kwenye mtumba, nikanunua mawili. Moja nililiharibu mwenyewe, la pili ninalo mpaka leo.

Kwanza, je, ni ngozi kweli?

Muuzaji atakwambia, "Leza tupu hiyo, kaka." Usibishane naye, bonyeza kwa kidole gumba. Ngozi hufanya mikunyanzi midogo midogo kuzunguka kidole, kama ngozi ya mkono wako. Plastiki hubonyea tu. Halafu angalia vinyweleo. Vya mnyama havilingani, na huenda ukakuta kovu la mwiba au la kupe. Mchoro ukijirudia vilevile kutoka kifuani hadi mgongoni, jihadhari, huo ni wa mashine.

Mwisho, tafuta ukingo uliokatwa bila kukunjwa, ndani ya mfuko au pale bitana ilipochanika. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana. Bandia huonyesha kitambaa. Ipo pia ya katikati: mabaki ya ngozi yaliyosagwa, yakagandishwa kwa gundi na kupakwa plastiki juu. Lebo yake inaweza kutaja ngozi, lakini nayo itabambuka.

Mabega kabla ya bei

Hapa ndipo nilipokosea. Jaketi lilikuwa zuri ila pana, nikampelekea fundi cherehani alipunguze. Akashona, akafumua, akashona tena. Sikujua kwamba tundu la sindano kwenye ngozi halizibi. Mstari wa matundu ukabaki ubavuni, na siku nilipoinua ndoo ya maji likachanika palepale, kama tiketi ya basi.

Basi mabega yasipokukaa, lirudishe kwenye lundo hata kama ni bei ya bure. Likikukaa, nyoosha mikono mbele kana kwamba umeshika usukani wa pikipiki: mgongo usikubane, na mikono ya jaketi isipande mbali na kifundo. Kagua pia vipande vyake. Mgongo wa kipande kimoja au viwili ni dalili njema. Vipande vingi vidogo mara nyingi ni mabaki yaliyoungwa, na kila muungano ni safu nyingine ya matundu.

Uliza pia ni ngozi ya mnyama gani. Ng'ombe ni mzito na mgumu, utamzoea polepole. Kondoo ni laini siku ya kwanza, ila huchanika upesi. Mbuzi ni mwepesi lakini imara, nikimpata, sisiti.

Usiogope zipu mbovu

Langu la sasa nililipata kwa shilingi 40,000 kwa sababu zipu ilikuwa imekufa na bitana imeoza makwapani. Wenzangu waliliruka. Fundi anayeshona mikoba alitia zipu ya chuma na bitana mpya kwa 18,000, akipitisha sindano kwenye matundu yaleyale ya zamani. Zipu na bitana ni kama matairi ya gari, hubadilishwa. Ngozi iliyokauka hadi ikapasuka haina spea.

Zipu ya jaketi langu imekaa mshazari, mtindo unaojulikana sana kwa Perfecto, jaketi la pikipiki ambalo Irving Schott wa New York alilianzisha mwaka 1928. Faida yake utaiona ukipanda bodaboda alfajiri: upande mmoja hulalia mwingine, upepo ukakosa mlango. Ila usidanganyike, ngozi huzuia upepo tu, joto linatoka kwenye sweta la ndani. Na jaketi jembamba la mtindo halikukingi ukianguka barabarani.

Kulitunza

Likilowa, litundike kivulini kwenye kiango kipana. Ukilikausha karibu na jiko la mkaa litakakamaa. Usilifunge kwenye mfuko wa nailoni, kwa ukungu wetu huu litaota kuvu. Pangusa vumbi, paka krimu ya ngozi kidogo mara mbili kwa mwaka. Mafuta ya kupikia hapana, yatavunda.

Sisi wa Njombe tunaishi katikati ya miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kudabagha ngozi, hasa ngumu za soli na mikanda. Za nguo nyingi siku hizi hudabaghwa kwa kromiamu. Njia yoyote ile, ngozi iliyodabaghwa vizuri na kutunzwa huchujuka viwikoni, ikalainika, ikashika umbo la mwenyewe.

Langu limefika hapo. Mpwa wangu sasa ananizidi urefu. Juzi nilimkuta amesimama mlangoni, analibonyeza kwa kidole gumba.