Dondoo muhimu: Kudhibiti moto unapounga chuma kwa kijiti cha bronzi

Kijiti cha bronzi huyeyuka karibu na nyuzi 900 za Selsiasi. Chuma chenyewe hakiyeyuki hadi kukaribia 1,500. Kazi yako ni kukipasha moto chuma, si kukiyeyusha.

- Safisha kwanza. Piga msasa hadi chuma king'ae. Penye kutu, rangi au mafuta, bronzi haishiki.
- Pasha sehemu nene zaidi. Kwenye fremu ya baiskeli, bomba jembamba huiva upesi. Elekeza moto kwenye kiungio kinene, ukichezesha tochi bila kutulia mahali pamoja.
- Soma rangi. Fanyia kazi kivulini uione vizuri. Chuma kikiwa chekundu na boraksi uliyopaka kwenye kiungo ikitandaa kama kioo cha maji, gusisha kijiti. Kiyeyushwe na joto la chuma, si ndimi za moto.
- Bronzi ikijikunja vidonge, chuma bado ni baridi au kichafu.
- Moshi mweupe ukitoka, umezidisha: zinki iliyo kwenye kijiti inaungua. Inua tochi mara moja. Moshi huo huleta homa, hivyo fanya kazi penye hewa ya kutosha na usiuvute.
- Acha kipoe chenyewe. Usikimwagie maji, kiungo kinaweza kupasuka.

Kiungo kizuri huonekana: bronzi imelala laini, kingo zake zimezama kwenye chuma. Mpanda baiskeli ameuamini mkono wako, usiharakishe.