Jino la Kupandikizwa na Hukumu Zake



Katika darasa letu ilisomwa barua ya mwalimu mmoja wa chuo cha Qur'ani ambaye jina lake hatulitaji. Mwalimu huyu amesomesha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini. Maradhi ya fizi yalimng'oa meno mawili ya mbele ya juu, na tangu siku hiyo dhali yake hutoka kama zayi. Asema kwamba jambo hilo alilistahamili mpaka siku aliposikia watoto wa chuo wakisoma Suratul Fatiha vile vile asomavyo yeye, kwa kilema chake. Siku ile ile aliacha kusalisha, na sasa afikiri kuacha hata kusomesha.

Daktari wa meno amemwambia kwamba yawezekana kupandikizwa meno mengine ndani ya mfupa wa taya. Lakini jirani zake wamemwambia kuwa kufanya hivyo ni kubadili umbile la Mwenyezi Mungu, na kuwa mwenye chuma kinywani hana udhu wala hana swala. Yeye atuuliza: lipi la kweli?

Suala hili si la mtu mmoja. Wengi huogopa jambo la halali kwa sababu ya maneno yasiyo na dalili, na wengine huingia katika jambo bila ya kuuliza wala kupeleleza. Yatupasa kwanza tujue kitu chenyewe ni nini, ndipo tutafute hukumu yake. Kwani mwenye kuhukumu jambo asilolijua hukosea japo awe na elimu nyingi.

JINO HILI NI KITU GANI?

Jino la kupandikizwa lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kiparafujo kidogo cha madini ya titaniamu, ambacho kwa kawaida unene wake ni kiasi cha milimita 4 na urefu wake kiasi cha milimita 10. Hicho hutiwa ndani ya mfupa wa taya mahali pa mzizi wa jino lililotoka. Ya pili ni kiungo kinachotokeza juu ya ufizi. Ya tatu ni taji, yaani jino lenyewe linaloonekana, ambalo aghalabu hutengenezwa kwa kauri na kupewa rangi ya meno jirani zake.

Khabari ya kuvumbuliwa kwake ina ibra. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alitia katika mifupa hiyo vyombo vidogo vya titaniamu vya kutazamia. Alipotaka kuvitoa avitumie tena, havikutoka: mfupa ulikuwa umevishika kana kwamba ni sehemu yake. Wengine wangaliona kuwa ni hasara ya vyombo. Yeye aliona kuwa ni mlango. Mwaka 1965, katika mji wa Gothenburg, alimpandikizia meno mtu wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye taya lake lilikuwa na kasoro. Mtu huyo aliyatumia mapandikizi yake mpaka alipofariki mwaka 2006, yaani zaidi ya miaka arubaini. Hata hivyo wataalamu wengi hawakuiamini kazi hii mpaka ilipoelezwa na kujadiliwa katika mkutano wa Toronto mwaka 1982.

Wala wazo la kurudisha jino si geni kwetu Waislamu. Abul Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki yapata mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake At-Tasrif jinsi ya kufunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na jinsi ya kuchonga jino kwa mfupa wa ng'ombe likatiwa mahali pa lililotoka. 

JE, NI KUBADILI UMBILE?

Wenye kuharamisha hushika hadithi ya kuwalaani wanawake wanaochonga meno yao na kuweka mianya. Hadithi hiyo ni sahihi, na sisi twaiamini. Lakini iangaliwe vyema: lawama imefungwa na sababu yake, nayo ni kutaka uzuri. Imamu Nawawi na wengineo wamebainisha kuwa mwenye kufanya hivyo kwa dawa, au kwa kuondoa aibu iliyompata katika jino, hayumo katika lawama hiyo.

Tena iko hadithi ya Arfaja bin As'ad, waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Sahaba huyu alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akajifanyia pua ya fedha, ikamnukia vibaya, Mtume (S.A.W.) akamwamuru ajifanyie ya dhahabu. Basi tazama: dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini hapa iliruhusiwa kwa haja. Kutokana na hadithi hii wanavyuoni wakaruhusu jino la dhahabu kwa aliyepotewa na jino. Ikiwa dhahabu imejuzu, titaniamu, ambayo si dhahabu wala si fedha, ina haki zaidi ya kujuzu.

Kurudisha kilichopotea si kubadili umbile, bali ni kulirudisha umbile pale lilipokuwa. Ama yule mwenye meno mazima ayang'oaye ili atie meupe zaidi apate kujionyesha, huyo ndiye aingiaye katika makatazo. Tusichanganye wawili hawa.

UDHU, JANABA, SAUMU NA MAITI

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kusukutua ni sunna katika udhu na katika kuoga janaba. Basi kitu kilichomo kinywani hakiwezi kuzuia kusihi kwa twahara. Ama katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa kusukutua katika janaba ni faradhi, lakini jino lililoshikamana na mfupa, ambalo mwenyewe hawezi kulivua, huchukua hukumu ya jino la asili. Maji yakilipitia, yametosha. Meno ya bandia ya kuvua, hayo ni bora yavuliwe wakati wa kusukutua ili maji yafike.

Kuhusu saumu, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilitoa uamuzi mjini Jeddah mwaka 1997 kwamba kuchimba jino, kuling'oa au kulisafisha hakufunguzi, maadamu mtu hakumeza kilichofika kooni. Lakini kazi ya kupandikiza hutoka damu na hutumia maji mengi, na baada yake mgonjwa huhitaji dawa. Basi mwenye kuweza aiweke usiku, au baada ya Ramadhani. Hapana sababu ya kujitia katika mashaka.

Na akifa mwenye jino hilo? Azikwe nalo. Kiparafujo kimeshikwa na mfupa, na hakitoki ila kwa kuuvunja. Nasi tumefundishwa kwamba mfupa wa maiti una heshima kama ya mfupa wa aliye hai.

UNGA WA MFUPA

Hapa pana jambo ambalo wenye kuharamisha hawakulitaja, nalo ndilo linalostahiki kuulizwa. Jino likitoka, mfupa uliokuwa ukilishika huanza kupungua, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutukia katika mwaka wa kwanza. Mfupa ukiwa umepungua sana, daktari huongeza unga wa mfupa au kipande chake, na pengine huufunika kwa utando mwembamba. Vitu hivyo hutoka katika asili mbali mbali: mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mfupa wa mtu mwingine, wa ng'ombe, wa nguruwe, au madini yaliyotengenezwa kiwandani. Utando nao waweza kuwa wa nguruwe.

Basi ni wajibu wa Muislamu kumuuliza daktari kabla ya kazi, wala si baada yake: "Unga huu na utando huu ni wa nini?" Daktari mwema hatachukia kuulizwa, na kwa kawaida kipo cha kubadilisha.

Wanavyuoni wa kale wamekwisha kulijadili suala hili. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi. Ikiwa alikosa kilicho twahara, huyo ana udhuru. Ikiwa alikuwa na uwezo wa kupata kilicho twahara akakiacha, yampasa akitoe, isipokuwa akihofia madhara yaliyo wazi. Basi aliyetiwa bila ya kujua, na mfupa umekwisha kushikamana, asijitese kwa wasiwasi wala asirudie swala zake. Na ambaye bado hajatiwa, aulize.

NANI AFANYIWE, NA NANI ASUBIRI?

Kujuzu kwa jambo si kulazimika kwake. Kazi hii ina masharti yake ya kitabibu.

Kwanza, maradhi ya fizi yatibiwe kabla ya yote. Kilichong'oa jino la asili chaweza kuking'oa kilichopandikizwa, kwani fizi na mfupa unaokizunguka nao huugua. Mwenye maradhi ya sukari aitulize sukari yake kwanza. Mvuta sigara ajue kuwa moshi huzuia kidonda kupona na huzidisha hatari ya pandikizi kutoshika; na hii ni sababu moja zaidi ya kuiacha. Aliyepigwa miale ya kutibu saratani kichwani au shingoni, na anayetumia dawa za kutia nguvu mifupa, amwambie daktari wala asifiche.

Pili, ipigwe picha ya eksirei. Ndani ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu, na ukiguswa mdomo waweza kufa ganzi kwa muda mrefu au daima. Juu ya magego ya taya la juu pana uwazi wa mfupa ulio kando ya pua, nao waweza kutobolewa. Tena mfupa hufa kwa joto: ukifika nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja huanza kuharibika. Ndiyo maana daktari hutoboa polepole huku akimwagia maji. Hii si kazi ya fundi wa mtaani. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya lina daftari la walioandikishwa. Ni haki ya mgonjwa kulitazama jina la anayemtibu.

Tatu, ni kazi ya subira. Mara nyingi mfupa huachwa ushike kwa muda wa miezi mitatu hadi sita kabla ya kutiwa taji. Ikifanywa vizuri matokeo yake ni mema: katika mapandikizi mia, zaidi ya tisini huwa yangali yakifanya kazi baada ya miaka kumi. Lakini hudumu kwa kutunzwa. Mswaki, ambao Mtume (S.A.W.) aliuhimiza mno, haukuondokewa na wajibu wake kwa kuwa jino ni la madini.

Nne, gharama yake ni kubwa. Ziko njia nyingine zilizo nafuu: meno ya kuvua, na daraja linaloshikizwa kwa meno jirani, ingawa daraja huhitaji meno hayo yachongwe. Asiyeweza asijitie katika deni la riba kwa ajili ya jino. Jino la kuvua lafaa kwa kula na kwa kusema, na watu wengi wameishi nalo kwa raha.

JAWABU LETU KWA MWALIMU

Ewe mwalimu wetu, wanavyuoni wamesema kwamba Suratul Fatiha haina harufi saba: thaa, jimu, khaa, zayi, shini, dhaa nzito na faa. Harufi iliyokuponyoka wewe, dhali, imo ndani yake katika neno "alladhina", nayo hutoka baina ya ncha ya ulimi na ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Hayo ndiyo uliyoyapoteza. Swala yako mwenyewe ni sahihi, kwani Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kiasi cha uwezo wake. Lakini ulipojitoa katika uimamu ulifanya uadilifu, kwa sababu katika madhehebu yetu mwenye kubadilisha harufi katika Fatiha hasalishi wenye kuisoma sawa.

Basi haja yako si ya pambo. Ni haja ya Kitabu na ya watoto wanaokipokea kutoka kinywani mwako. Tibu fizi zako kwanza. Mwombe daktari akutengenezee meno ya kuvua upesi, uzoeshe ulimi wako makharija yake, urudi chuoni. Ukiona hayo yamekutosha, ushukuru na uishie hapo. Ukihitaji ya kupandikizwa na ukaweza, hapana kizuizi cha sharia. Uliza tu khabari ya unga na utando.

Na ninyi wazee wa watoto, ambao mwalimu huyu aliwafundisheni ninyi kabla ya kuwafundisha wana wenu: mlipoisikia dhali yake ikiharibika, wangapi kati yenu walimwendea kwa msaada, na wangapi walimwendea kwa fatwa? Mtu aliyetumia meno yake kwa kuwatilieni Qur'ani vifuani hastahiki kuachwa aandike barua mbali kuomba ruhusa ya jambo ambalo ni halali. Kusanyeni kwa kadiri ya uwezo wenu, kwa siri, bila ya kumfedhehesha.

Haya ndiyo tuliyoyaona. Tukisibu, ni kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu. Na tukikosa, mwenye dalili atuletee, nasi tutarejea.

Wallahu aalam.